Kijiti Kinywani mwa Gorazd

Simu ya Daktari Cvetka Remškar iliingia saa tano na robo, asubuhi ya Jumatatu. Inspekta Nives Šega alikuwa amesimamisha gari kando ya ziwa la Cerknica, anakula mkate na soseji. Ziwa lenyewe halikuwapo. Lilikuwa limeondoka tangu Agosti, kama kawaida yake, maji yote yamezama kwenye mashimo ya chini, na pale walipokuwa wakiogelea samaki sasa ng'ombe walikuwa wakila majani. Watalii watatu walisimama katikati ya ziwa na viatu vikavu, wanapigana picha.

"Umekaa?" aliuliza daktari kutoka Ljubljana.

"Nimekaa, nakula."

"Basi weka hicho chakula pembeni, dada. Mtu wako hakuuawa na dubu."

Nives aliacha kutafuna. Tangu Jumapili asubuhi mkoa mzima ulijua kwamba Gorazd Avsec, yule aliyekuwa akiwapeleka wageni kutazama dubu, ameuawa na dubu. Redio ilisema. Padri alisema. Nives mwenyewe alisimama juu ya ile maiti, akatazama nyayo kwenye tope na shingo iliyoraruliwa, akaandika "dubu" kwenye ripoti na kuweka sahihi yake chini.

"Kauawa na nini?"

"Risasi. Imeingia chini ya bega la kushoto, ikatokea shingoni. Makucha yalikuja baadaye, yakapita palepale penye jeraha, mtu keshakuwa maiti. Dubu alimgeuza tu, labda kumnusa. Hajamla hata kidogo."

"Risasi ya aina gani?"

"Ya kuwindia. Bunduki ipi, maabara watakwambia baada ya wiki. Na mifuko yote ya koti imejaa mahindi, yamechanganyika na udongo. Lakini Nives, siyo hilo lililonifanya nikupigie kabla sijaandika chochote." Daktari alivuta pumzi. "Mna watu gani huko kwenu?"

"Kwani vipi?"

"Nimemfungua kinywa. Meno yalikuwa yamebana kabisa. Juu ya ulimi kuna kijiti cha msonobari. Kibichi, kina majani yake, urefu wa kidole."

"Alianguka kifudifudi msituni, Cvetka. Kinywani kinaweza kuingia kitu chochote."

"Kimelazwa sawasawa, kama mtu kakiweka kwa mkono. Na ile ncha iliyovunjwa imetafunwa. Ncha hiyo ilikuwa upande wa koo. Nimepasua watu miaka ishirini na miwili, sijakutana bado na mwenye meno kooni."

Mkate ulimponyoka Nives ukaanguka miguuni. Baba yake alikuwa mwindaji, na huku kwetu hakuna mtoto wa mwindaji asiyekijua kile kijiti. Ukishaua paa, au nguruwe mwitu, au dubu, huvunji mfupa wala hugusi kisu kabla hujamheshimu. Unavunja tawi bichi kwa mkono, unamwekea kipande kinywani. Hilo ndilo tonge lake la mwisho. Kipande cha pili cha tawi lilelile unakichovya kwenye damu yake, unakichomeka kwenye kofia, unakwenda nacho nyumbani. Hivyo ndivyo wanavyofanyiwa wanyama. Mtu hajawahi kufanyiwa hivyo, wala Nives hakuwahi kufikiri kwamba atakuja kulisikia jambo la namna hiyo.

Alipiga simu idara ya wanyamapori kabla hata hajawasha gari. Jana yake idara ilikuwa imetoa amri kwamba dubu yule, jike mwenye watoto wawili, apigwe risasi leo kabla ya giza.

"Amri ibaki," alisema bwana wa idara, sauti ya mtu aliyeinuliwa kwenye kahawa yake. "Ana damu ya mtu kwenye makucha."

"Si yeye aliyemuua."

"Nani kamuua?"

"Sijui bado."

"Basi Inspekta, ukishajua nipigie. Niletee aliyempiga, nami nafuta amri palepale. Bila hivyo nitawaambia nini watu wa kijijini? Kwamba dubu alikuwa anapita tu?"

Jua la Oktoba lingezama kabla ya saa moja. Nives alitazama saa, akageuza gari kuelekea kijiji cha Zagabrje.

*

Tjaša Avsec, mke wa marehemu, ndiye mwenye nyumba ya wageni kule Zagabrje. Siku mbili hizi alikuwa hajafunga jiko. Nives alimkuta anakoroga sufuria ya jota, kabeji chachu na maharage, chakula cha kutosha watu ishirini, na nyumbani alikuwa na mgeni mmoja tu.

"Umekuja kuniambia hawamuui?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado, Tjaša."

"Gorazd alimfuata yule dubu miaka saba. Alimpa jina, Brina. Alijua anapolala, anapozalia. Wakimuua leo, watakuwa wameniulia mume mara mbili, na mara hii kwa barua ya serikali." Aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Na wamempa nani kazi hiyo? Baba yangu mwenyewe! Eti ndiye mwenyekiti wa wawindaji, ndiye mwenye shabaha. Na yeye kakubali! Kainua mkono wa kwanza!"

"Mzee Ludvik kajitolea mwenyewe?"

"Mwenyewe. Tangu jana sisemi naye. Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa namngojea mlangoni, naangalia kijiti kwenye kofia, nauliza, 'Umepata nini, baba?' Nilikuwa naona fahari. Leo akirudi na kijiti, mlango ataukuta umefungwa."

Nives alimwambia taratibu habari ya risasi. Kijiti hakukitaja. Tjaša aliketi juu ya gunia la viazi, mdomo wazi, mwiko bado mkononi.

"Gorazd alikuwa na mahindi mifukoni," Nives alisema. "Watu wanasema alikuwa anawatupia dubu ili wageni wapate picha."

"Waongo! Alikuwa akiyachukia yale mahindi!" Sasa ndipo machozi yalipotoka. "Yale ya dungu la nne la wawindaji, wanayowamwagia nguruwe ili wawapige. Brina alianza kuwapeleka watoto pale. Gorazd alimwomba baba alifunge dungu lile, baba akasema nguruwe wanamaliza mashamba ya watu. Basi Gorazd akawa ananiambia, 'Nitakwenda kuyaokota punje kwa punje.' Nikadhani ananitania."

Udongo. Mahindi ya kwenye gunia hayana udongo. Nives aliliweka hilo akilini, akapanda ngazi kwa yule mgeni.

Joris Verhaeghe, Mbelgiji mpiga picha, alikuwa mrefu, mwembamba, na kizibao chake kilikuwa na mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo. Alikuwa amefunga mizigo. Alikuja kwa wiki moja tu, kuona mapango, ziwa na dubu, akasema, na sasa anataka kwenda zake.

"Jumamosi mchana uligombana na Gorazd," Nives alisema. "Jirani kasikia."

"Nilitaka kutoka kwenye kibanda cha kutazamia dubu nimpige picha kwa karibu. Alikataa. Aliniita mpumbavu."

"Na ulimjibu?"

"Nilimwita mpumbavu mwenzangu. Halafu akanipeleka kibandani saa kumi, akanifungia mlango kwa nje, akasema atarudi usiku ukiingia. Inspekta, nimekaa mle mpaka saa tatu! Hakuna choo! Mkewe ndiye aliyekuja kunifungulia."

"Una shahidi kwamba hukutoka?"

"Ninaye. Wako watatu." Alifungua kamera, akampa.

Picha zilikuwa na saa zake pembeni. Saa kumi na mbili na nusu, Brina na watoto wake wanatoka msituni. Dakika ya arobaini, mtoto mmoja kapanda gogo. Dakika ya arobaini na tisa, wote vichwa chini, wanakula. Dakika ya hamsini, wote watatu vichwa juu, masikio yamesimama, wanatazama upande mmoja. Picha iliyofuata ilikuwa ya majani matupu.

"Nini kiliwashtua?" aliuliza Nives.

"Kishindo kimoja. Mbali. Nilidhani ni radi."

"Jumamosi hakukuwa na wingu."

Mbelgiji alimtazama, halafu akatazama kamera yake. "Mungu wangu," alisema. "Nimeipiga picha."

Alikuwa ameipiga kweli. Kutoka kibanda kile hadi dungu la nne, alikookotwa Gorazd, ni kilomita mbili za msitu. Dakika ile mtu anakufa kule, dubu anayesubiriwa na bunduki alikuwa huku, kashtuka kama kila kiumbe mwingine.

*

Nyumba ya wawindaji iko mwisho wa barabara ya magogo, na saa kumi alasiri ilikuwa na watu kumi na zaidi, kofia za kijani, nyuso zimewashuka. Walikuwa wanasuka shada la matawi ya msonobari kwa ajili ya jeneza, maana Gorazd, pamoja na ugomvi wake wote nao, alikuwa mwanachama. Mzee Ludvik Ožbolt, baba yake Tjaša, alikaa pembeni ya benchi peke yake, rundo la matawi magotini. Alimpa Nives mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu.

"Karibu, Inspekta. Sina muda mrefu, nina kazi ya kwenda kuifanya."

"Najua, Mzee. Naomba kukiona kitabu."

"Kipo pale pale."

Kitabu hicho hukaa kwenye meza ya mlangoni, kimefungwa kwa mnyororo. Miaka thelathini iliyopita Ludvik mwenyewe ndiye aliyekiweka. Anayeingia msituni na bunduki sharti aandike jina na namba ya dungu atakalokaa. Akihama, apige simu. Asiye na bunduki lakini anapita, asome kwanza, aweke sahihi. Tangu kitabu kiwekwe, hakuna mtu wa Zagabrje aliyewahi kupigwa risasi na mwenzake.

Jumamosi ilikuwa na mistari mitatu tu. Srečko Baraga, dungu la tatu, nguruwe. Ludvik Ožbolt, dungu la tisa, nguruwe. Na chini yao, kwa mwandiko wa haraka: Gorazd Avsec, napita, saa tisa na nusu, la nne tupu.

Nives alisoma mara mbili. Gorazd alikuwa amefuata sheria. Alisoma, akaona dungu la nne halina mtu, akaenda kupiga magoti kwenye mahindi bila wasiwasi wowote. Alikufa kwa kukiamini kitabu.

Dungu la tatu liko hatua mia nne tu kutoka la nne. Nives alimwita Srečko Baraga nje, nyuma ya banda la kuni. Srečko alikuwa fundi wa mashine za mbao, shingo nene, na mwezi uliopita alikuwa amesema mbele ya baa nzima kwamba ipo siku Gorazd atakuta dubu wake wamening'inizwa mmoja mmoja mlangoni.

"Nilikuwa nimelewa," alisema.

"Ulisikia mlio Jumamosi?"

"Nilisikia."

"Kutoka wapi?"

"Bonde la pili. Kwa majirani."

"Srečko, wewe unatambua bunduki kwa mlio kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe. Bonde la pili?"

"Nimesema bonde la pili." Alitazama kuni.

"Sawa. Basi sikiliza. Gorazd hakuuawa na dubu. Kapigwa risasi, na aliyempiga kamwekea tonge la mwisho kinywani."

Srečko alishika ukuta wa banda. Yule mtu mzima, na shingo yake yote ile, alikaa juu ya kuni.

"Tonge?"

"La msonobari. Mimi naona mtu alimchukia. Akamuua kama mnyama, akamdhihaki kama mnyama. Na anayejulikana kumchukia ni wewe."

"We mama wee!" Srečko alisimama tena, uso umemwiva. "Baba yako alikuwa mwindaji kweli, au alikuwa anashika bunduki ya kupigia picha? Tonge la mwisho ni dhihaka? Nani kakufundisha hivyo? Ningemuua kwa chuki ningemwacha alale na tope lake! Tonge hawekewi unayemchukia. Unapiga magoti, unavua kofia. Mimi nimewahi kulia nikimwekea kulungu!"

Srečko alikuwa amesema kweli. Nives alikuwa amekisoma kile kijiti kinyumenyume tangu saa tano. Aliyekiweka hakuwa na hasira hata chembe. Alipiga risasi kivuli kinachochakura mahindi jioni, akashuka kumwangalia nguruwe wake, akamkuta mtu. Na hakujua namna nyingine yoyote duniani ya kumwomba radhi kiumbe aliyemuua.

"Jumamosi upepo ulikuwaje?" aliuliza.

"Ulikuwa mzuri mpaka saa kumi na moja. Halafu upepo wa burja ukashuka kutoka mlimani."

"Na burja ikishuka, dungu la tisa linafaa?"

"Halifai," alisema Srečko. "Linapeleka harufu yako moja kwa moja kwa nguruwe."

"Mtu akitoka la tisa, anakwenda lipi?"

"Usiniulize mimi hilo, Inspekta. Nakuomba."

Nives alirudi ndani mbio. Mahali pa Mzee Ludvik kwenye benchi palikuwa patupu, na bunduki yake haikuwapo ukutani. Shada lilikuwa limeachwa mezani, nusu tayari. Alilivuta karibu. Matawi ya upande wa kushoto yalikuwa yamevunjwa kwa mikono, ncha safi. Ya upande wa kulia, kila ncha ilikuwa imetafunwa, gome limechubuka kwa meno.

"Haya kavunja nani?" aliuliza.

"Mzee," mmoja alijibu. "Vidole viwili si vililiwa na msumeno? Hana nguvu ya kuvunja. Siku zote anavunjia meno."

"Kaenda saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Tumemwambia macho mema, akaondoka."

Ndivyo wawindaji wa huku wanavyoagana. Hawaambiani kwaheri wala bahati njema. Wanaambiana macho mema.

*

Dungu la nne limejengwa juu ya nguzo nne, ngazi kumi na moja, na hatua sitini mbele yake ndipo wanapomwaga mahindi. Saa kumi na moja na nusu mwanga ulikuwa bado wa kutosha kusomea gazeti. Nives alitembea kwenye majani makavu bila kujificha. Mzee Ludvik alichungulia chini akamtazama usoni, si zaidi ya hatua kumi.

"Ni wewe, Tjaša? Rudi nyumbani, mwanangu."

Nives alisimama. Yeye ni mfupi, ana nywele za kijivu, na koti lake lilikuwa la polisi. Tjaša ni mrefu na nywele zake nyekundu.

"Ni Šega, Mzee. Napanda."

"Aha. Panda taratibu, basi. Ngazi ya tano imeoza."

Walikaa bega kwa bega kwenye ubao. Bunduki ilikuwa magotini mwake. Msituni mbele yao matawi yalikuwa yanatikisika. Brina alitoka. Alikuwa mkubwa kuliko Nives alivyodhani, mweusi mgongoni, na nyuma yake watoto wawili walikuja wanasukumana. Mmoja alimng'ata mwenzake sikio. Mwenzake akalia kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

"Anakuja," alinong'ona Nives.

"Namwona."

"Na watoto?"

"Hakuja nao," alisema Mzee Ludvik. "Yuko peke yake."

Watoto walikuwa mbele yao kabisa, mchana kweupe, hatua sitini. Nives alimgeukia.

"Tangu lini, Mzee?"

Ludvik alielewa mara moja. Hakujitetea. "Tangu Pasaka. Naona weusi na weupe, naona kinachotembea. Sura sizioni."

"Na cheti cha macho? Unakipata vipi?"

"Zile herufi za ukutani? Nilizikariri wakati wa kusubiri foleni. Mtu anayetoka anazisoma kwa sauti." Alipapasa bunduki. "Nikinyang'anywa hii, Inspekta, mimi ni nani? Mzee wa vidole vitatu."

"Jumamosi."

"Burja iligeuka. Nikahama kuja hapa. Simu ilikuwa ndani ya begi, nikasema nitapiga baadaye, si dungu ni tupu? Kitabu nimekiweka mimi mwenyewe, nikajiona mkubwa kuliko kitabu." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Jua lilikuwa limeshazama. Nikaona mgongo mweusi, umeinama, unachakura mahindi. Unasogea kidogo, unasimama, unachakura tena. Nguruwe, nikasema. Dume. Nikapiga, akalala palepale, sikuhitaji risasi ya pili. Nikafurahi, Inspekta. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau. Nilishuka ngazi nimefurahi."

Brina alikuwa anatafuna. Sauti ya mahindi yakivunjika iliwafikia.

"Nikamgeuza nimwone meno. Nikashika ndevu."

Nives alijifunika mdomo kwa mkono.

"Alikuwa keshakufa. Nilimwita. Nilipiga kelele, nani atanisikia? Halafu nikajikuta nimevua kofia, nina tawi mdomoni. Sikuamua. Mikono ilijua kazi yake."

"Na Jumapili uliwaongoza watu kumtafuta."

"Nilitaka mtu mwingine amwone, mimi nisimame nyuma. Tukakuta makucha. Kila mtu akasema dubu. Wewe ukaandika dubu. Mimi sikusema ndiyo, sikusema hapana."

"Na leo umekuja kumuua asiye na hatia ili yaishe."

Mzee aligeuka kwa mara ya kwanza, na macho yake yenye ukungu yalikuwa makali. Alivuta komeo la bunduki nyuma, akamwonyesha Nives. Ndani hakukuwa na risasi. "Nimeinua mkono wa kwanza ili wasimtume Srečko. Srečko hakosi. Mimi ningekaa hapa mpaka giza, niwaambie nimemkosa. Kesho niwaambie nimemkosa tena. Nilikuwa nikitafuta siku moja moja."

"Siku za kufanya nini?"

"Za kumwambia mtoto wangu."

Nives aliitwaa bunduki. Simu yake haikushika mtandao juu ya dungu. Ingembidi ashuke mpaka barabarani ndipo ampigie bwana wa idara, na amri ingefutwa, na Brina angelala salama usiku huo na watoto wake. Lilikuwa ni jambo jema, na Nives hakulihisi jema hata kidogo.

"Mzee, kijiti kimoja kiko Ljubljana. Cha pili kiko wapi?"

Ludvik aligusa tu ukingo wa kofia yake, ambayo kwa nje haikuwa na kitu, akaanza kushuka, anapapasa ngazi kwa mguu.

Walipofika kwenye njia ya magogo, Tjaša alikuwa anapanda mlima mbio, koti wazi, nywele usoni. Alikuwa amekuja kusimama mbele ya bunduki. Aliiona mikononi mwa Nives. Akasimama, akasikiliza. Kule nyuma, mtoto wa dubu alilia tena ile sauti yake ya mlango.

"Hukupiga," Tjaša alisema. "Wako hai. Wote watatu?"

"Wako hai," alisema Nives.

Tjaša alimrukia baba yake shingoni. Alilia na kucheka kwa pamoja, akambusu mashavu yote mawili, kofia ikaanguka. "Nilijua, baba! Nilisema maneno mabaya juu yako, nisamehe. Nilijua hutaweza. Umemhifadhia Gorazd kitu chake. Asante. Asante, baba."

Mikono ya Mzee Ludvik ilining'inia. Hakumkumbatia.

"Okota kofia, mwanangu," alisema mwishowe. "Itazame."

Tjaša aliinama, bado anatabasamu, akaipangusa majani. Aliigeuza. Kwa ndani, chini ya utepe wa jasho, kijiti cha msonobari kilikuwa kimechomekwa, kimeshaanza kunyauka, ncha yake imetafunwa, na nusu yake nzima imekaukiwa na damu.

Alikulia kwenye nyumba ya mwindaji. Aligeuka akaangalia njia, akaangalia nyuma ya baba yake, akaangalia mikono yake mitupu, anamtafuta mnyama.

"Umepata nini, baba?" aliuliza.

Mzee Ludvik akamjibu.